Jina Alilopewa Muzammil

Shomari na Muzammil walikaa dawati moja darasa la sita, na kila siku baada ya masomo walirudi pamoja mpaka Ngarenaro, mtaa wao. Miaka ile bidhaa za kila aina zilikuwa zimeanza kuingia Arusha: mitumba, redio, kanda za video. Karibu na soko palifunguliwa kibanda cha video, na Jumamosi asubuhi mwenye kibanda aliwaonyesha watoto katuni za Kijapani.

Jumamosi moja walitazama katuni ya kijana wa upanga aliyekuwa akiwasaka watu waliochoma kijiji chake. Safarini alifuatana na wasichana watatu. Walipotoka, Shomari alikuwa anacheka.

"Yule si shujaa," alisema. "Yule ni sultani! Kila anapokwenda, wake zake wako nyuma yake."

"Amepigana katuni nzima, wewe umeona wasichana tu?" Muzammil alimjibu.

Ubishi huo waliendelea nao hadi kibarazani kwa kina Shomari. Dada yake, Salwa, alikuwa anachambua mchele. Aliwasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Hao wasichana wanafanya nini humo?"

"Mmoja anatibu majeruhi," alisema Muzammil. "Mmoja ana upinde. Wa tatu anajua njia za milimani. Kijiji kilichochomwa kilikuwa chao pia."

"Basi na wao wana vita vyao," alisema Salwa. "Shomari, nani kakwambia ni wake zake?"

Shomari alicheka tu. Neno lile, sultani, lilikuwa tamu mdomoni, na hakutaka kuliacha.

Muzammil alikuwa mtoto pekee. Baba yake alichimba madini Mererani na alirudi nyumbani mara chache. Mama yake, Bi Swabaha, alikuwa fundi wa kufuma vitambaa, na wasichana wengi wa mtaa walijifunza kwake bila malipo. Mwaka ule aliugua ugonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, akawa hawezi kutembea hata mpaka uani. Salwa na rafiki zake wawili, Arafa na Naserian, wakapanga kwenda kwake kila jioni. Walimchotea maji, walimpikia uji, walimsuka nywele. Walikwenda kwa sababu walimpenda mwalimu wao.

Jumatatu jioni wavulana walikuwa wanacheza mpira karibu na bomba. Muzammil akapita amebeba ndoo, na nyuma yake wasichana wale watatu na ndoo zao. Shomari alitaka kuwachekesha wenzake.

"Mpisheni Sultani!" alipaza sauti. "Sultani na wake zake watatu!"

Wavulana walicheka mpaka wakakaa chini. Muzammil alimtazama rafiki yake mara moja tu, akaendelea na safari.

Kesho yake jina lilikuwa limefika shuleni. Keshokutwa liliandikwa kwa mkaa ukutani. Likafika sokoni, na huko halikuwa mzaha tena. Watu walisema nyumba ya Bi Swabaha haina mwanamume mzima, na mtoto wake anawakusanya wasichana humo. Baba yake Arafa akamkataza kwenda. Bibi yake Naserian naye akamkataza. Mwishowe mama yake Shomari alimwita Salwa.

"Kwa kina Muzammil, basi. Sitaki kusikia jina lako midomoni mwa watu."

"Mama, nani anamchotea maji?"

"Nimesema basi."

Salwa aliingia chumbani akilia. Shomari alikuwa pale pale, kijiko cha wali mkononi. Alijua neno lile lilitoka wapi. Aliendelea kula.

Muzammil akaacha kuja shule. Mwalimu wao, Mwalimu Anande, alimtuma Shomari akaulize kulikoni. Shomari alimkuta uani akifua shuka za mama yake, vidole vimechubuka kwa sabuni. Jikoni uji ulikuwa umeungua. Muzammil hakumkaribisha wala hakumfukuza.

Bi Swabaha alisikia nyayo. "Nani huyo? Salwa?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi Shomari."

"Marahaba, mwanangu." Alihema kabla ya kuendelea. "Niambie, niliwaudhi wanangu wale? Labda niliwagombeza wakati wa kufuma. Waambie wanisamehe."

Shomari alitoka mbio bila kuaga. Alipofika nyumbani alimweleza mama yake yote: katuni, ubishi, bomba, na neno lile. Mama alimsikiliza amesimama. Hakumpiga. Alichukua khanga yake, akamwita Salwa, wakaenda kwa kina Arafa na kwa kina Naserian, na kila mahali Shomari alisimama mbele ya wazazi akarudia maneno yale yale kwa sauti iliyokuwa ikikatika.

Jioni hiyo wasichana walirudi kwa Bi Swabaha. Aliwatambua kwa sauti zao. Alimshika Salwa mkono, lakini vidole vile vilivyomfundisha kufuma havikuwa na nguvu tena ya kubana. Siku chache baadaye, kabla ya adhuhuri, alifariki dunia.

Baada ya mazishi, shangazi yake Muzammil aliyetoka Kondoa alisema atamchukua akakae naye, kwa kuwa baba yake alikuwa anarudi machimboni. Shomari alimfuata rafiki yake nyuma ya nyumba.

"Nisamehe," alisema.

"Ungenicheka mimi peke yangu, ningenyamaza," alisema Muzammil. "Lakini mama alikuwa anawangoja. Kila jioni alikuwa ananiambia nitazame mlangoni."

Kisha akaingia ndani kufunga mizigo yake.

Shomari na mama yake walirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikuwa analia, na mama alimwacha alie. Walipokaribia nyumbani mama alisimama.

"Umekosa, na mimi nimekosa," alisema. "Nilisikia jina, nikaacha kutazama. Nilimjua yule mama tangu tukiwa wasichana. Nilipaswa kwenda kuona kwa macho yangu wanangu wanafanya nini pale. Ukimwona mtu na watu wake, tazama wanachotendeana kabla hujawapa jina. Kumwita mtu jina ni rahisi, Shomari. Kulirudisha jina si kazi ya siku moja, na mwenzetu hakuwa na siku za kutosha."

Shomari alijifuta uso. "Mama, Salwa atanisamehe?"

"Muulize mwenyewe," alisema mama. "Yamesemwa mengi juu yake bila yeye kuulizwa."