Bepari wa Vyerehani Viwili

Nondo ya chuma ilitua kwenye mkono wa kulia, mfupa ukalia. Fundi cherehani akaanguka nyuma ya ukumbi uleule alimokuwa ametoka kushangiliwa kwenye mdahalo.

"Rudia sasa," mkuu wa walinzi wa vijana wa ujamaa akamwambia. "Sema tena soko huria litatutoa."

"Litatutoa," fundi akajibu, mdomo umejaa damu. Ubishi wake haukujua wakati.

Akala teke la mbavu.

Msichana akatokea mbio, viatu mkononi. Yeye ndiye mwenyekiti wa vijana hao. Mpigaji ni kaka yake wa tumbo moja, mpigwaji ni mchumba wake.

"Kaka, weka nondo chini."

"Nusu ya vijana wetu wamehamia kwa huyu bepari, wewe unamchekea."

"Bepari gani? Ana vyerehani viwili, na kimoja kibovu."

Fundi hakucheka. Alimsogezea simu yake kwa mkono mzima. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya msichana: "Mpenzi, pitia mlango wa nyuma. Nakungoja."

"Umeniuza," akasema. "Ungenishinda kwa hoja tu."

Msichana akakumbuka. Alipopanda jukwaani, simu yake alimwachia kaka.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Kwa ajili ya wanyonge, mdogo wangu."

"Mnyonge ndiye huyo uliyemvunja mkono."

Akamzaba kofi. Kaka akainua nondo, safari hii kwa dada yake. Fundi akajitupa katikati, ikampata mgongoni. Watu wakafika, wakamkamata kaka.

Msichana akarudi ukumbini, akashika maikrofoni.

"Aliyempiga mpinzani wetu ni kaka yangu. Nampeleka polisi."

"Msaliti!"

Kiti kikaruka, kikampasua juu ya jicho. Hakushuka.

"Naamini ujamaa kuliko jana. Lakini ujamaa unaomwogopa fundi cherehani, siutaki."

Hospitalini alikuwa na nyuzi usoni, mwenzake ana plasta hadi begani.

"Nisamehe kwa kukushuku," fundi akasema. "Ila bado hujanishawishi."

"Wala wewe. Nani atanishonea gauni la harusi sasa?"

"Nitaajiri mtu."

"Utampa nusu ya faida."

"Theluthi."

"Nusu, au hakuna harusi."

Fundi akautazama uso ule uliovimba kwa ajili yake, akashindwa kubishana.

"Nusu," akasema. "Lakini cherehani kitabaki changu."