Mnada Usio na Kushushana Bei

Kila asubuhi Nyanzala alifagia uwanja, akawafungulia ndama, akanawa miguu, kisha akaketi karibu na mama yake kumsomea ujumbe wa simu kabla ya kwenda shule. Mama yake, Suzana, alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Siku nyingine alichuja asali, siku nyingine aliosha ndoo.

Simu ile haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa ya Nyuki Mama, kikundi cha wanawake wa kijiji cha Kasokola wanaotundika mizinga porini na kuuza asali. Suzana alikuwa katibu wao. Kiswahili alikisoma vizuri, lakini wateja wengine wa mbali waliandika kwa Kiingereza, na hapo ndipo Nyanzala alipoingia. Alikuwa darasa la saba, na katika mtihani wa Kiingereza hakuna aliyempita.

"Huyu ndiye macho yetu," mama Specioza, mwenyekiti wa kikundi, alipenda kusema. "Siku akiolewa mbali, sisi tumeshapofuka!"

Wanawake walicheka, na Nyanzala alijisikia mkubwa.

Wateja waliwapata kwa njia ya tovuti. Aliyewatengenezea ni Siméon, kijana mpole aliyekulia Katumba, mwenye duka la stesheneri na intaneti Mpanda mjini. Siku aliyowakabidhi nywila aliwaambia, "Mama zangu, jina la tovuti ni kama meza ya sokoni. Hununui ikawa yako milele. Kila mwaka unalipia ushuru. Msipolipia, kampuni inampa mwingine. Msijali, muda ukikaribia watawakumbusha kwa ujumbe."

Ujumbe ulikuja kweli. Ulikuja asubuhi moja ya mvua, Nyanzala akiwa amechelewa shule. Ulikuwa mrefu, wa Kiingereza kigumu. Akaona tarehe, akaona jina la tovuti yao, lakini yaliyobaki yalimpita kama magari ya barabara kuu.

"Wanasemaje?" Suzana aliuliza.

Kumjibu kwamba hajaelewa kulikuwa rahisi. Lakini mama Specioza alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, akimtazama kwa kujivuna, kama vile Nyanzala ni mwanawe.

"Ni matangazo tu, mayu," alimwambia mama yake.

Ujumbe ukaja tena wiki iliyofuata, safari hii na maandishi mekundu. Nyanzala akautambua. Angewezaje kusema leo kwamba hajui, wakati juzi alijua? "Matangazo," alisema tena. Kila ulipokuja akasema vilevile, na kila aliposema, kurudi nyuma kukazidi kuwa kugumu.

Kisha mteja mmoja wa Dodoma akapiga simu. "Mama Nyanzala, nyie mmefunga biashara? Nimefungua tovuti yenu, naona imeandikwa kwamba jina linauzwa."

Suzana alishtuka. "Linauzwa? Na nani? Nyanzala, hebu angalia."

Nyanzala aliifungua tovuti. Picha za mizinga hazikuwepo. Picha ya mama Specioza akiwa na kofia ya wavu haikuwepo. Palikuwa na ukurasa mweupe wenye jina lao katikati.

"Mtandao unasumbua, mayu," alisema. Akaifunga tovuti upesi.

Mchana ule, mama yake akiwa kisimani, alichukua simu na kamusi ya shule, akasoma ukurasa neno kwa neno. Kumbe jina lao lilikuwa limekwisha muda. Halikulipiwa, na sasa kampuni imeliweka kwenye mnada wa mtandaoni. Mtu yeyote duniani angeweza kuweka bei. Chini ya jina kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma.

Alipoona neno mnada, moyo wake ulipoa kidogo. Mnada alikuwa anaujua. Tangu mdogo alifuatana na baba yake, Malale, kwenye mnada wa ng'ombe. Na baba yake alikuwa na mbinu moja aliyopenda kuisimulia: "Taja bei kubwa kwa sauti, wenzako waondoke. Wakishaondoka, kaa kando na mwenye ng'ombe, mshushane taratibu. Mkishindwana, unamwachia ng'ombe wake, unakwenda kula nyama choma."

Basi Nyanzala akaingia kwa nywila ya kikundi, akaandika bei kubwa ya kuwatisha watu. Akaandika dola mia tano. Palitokea maelezo marefu na kitufe cha kukubali. Maelezo hakuyasoma. Akabonyeza.

Ukurasa ukamwonyesha kwamba anaongoza, na bei ilikuwa dola kumi na tatu tu. Nyanzala akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Hata kumi na tatu tutaishusha, aliwaza.

Kesho yake alipotoka shule aliangalia tena. Bado alikuwa anaongoza, lakini bei ilikuwa imefika tisini. Nani ameipandisha? Alikuwa hajagusa kitu. Akiwa bado anatazama, mtu asiyemjua akaweka mia moja, na papo hapo jina la Nyuki Mama likajibu kwa mia moja na tano. Yule mtu akaongeza. Nyuki Mama nao wakaongeza, wenyewe, bila kidole cha mtu.

Alirudi kwenye kamusi. Safari hii aliyasoma maelezo yote. Ile mia tano haikuwa bei ya kutisha watu. Alikuwa ameiagiza mashine imjibie kila mshindani mpaka ifike hapo. Na chini kabisa iliandikwa kwamba bei ikishawekwa haifutwi wala haipunguzwi. Akishinda, pesa zinakatwa kwenye kadi ya malipo iliyounganishwa na simu ya kikundi.

Alijua pesa zilizokuwa kwenye simu ile ni za nini. Zilikuwa za mashine ya kukamulia asali. Wanawake walikuwa wamejinyima msimu mzima ili waache kukamua masega kwa mikono.

Tangu hapo Nyanzala hakuwa na raha. Akishinda mnada, mashine imekwenda. Akishindwa, jina linachukuliwa na mgeni, na wateja wanakwenda nalo. Darasani mwalimu alimwita mara mbili kabla hajasikia. Wenzake walipomwita kuruka kamba alisema kichwa kinamuuma. Kila alipoichungulia simu, bei ilikuwa imepanda, na saa ile ilikuwa imepungua. Alitafuta mahali pa kutokea, akabonyeza huku na huku, lakini kila kitufe kilimrudisha palepale. Alikuwa kama ndama aliyeingiza kichwa kwenye uzio: mbele hapiti, nyuma harudi.

Asubuhi ya Jumamosi mama Specioza alifika akiwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana.

"Katibu, vaa viatu. Tunakwenda mjini kwa Siméon."

"Kuna nini?"

"Unauliza nini tena? Tovuti inauzwa, hata wateja wameiona. Nywila alitengeneza nani? Ni yeye! Kijana ametuuza mchana kweupe, na ule upole wake wote!"

Suzana alisita. "Siméon? Siamini."

"Kama si yeye ni nani? Ni mzimu? Na huyu mtoto twende naye, akatusomee. Huko kwenye kompyuta wasije wakatuzungusha."

Kwenye bajaji Nyanzala alikaa katikati, amebanwa na mama yake upande huu na mama Specioza upande ule. Mama Specioza alikuwa anafanya mazoezi ya maneno atakayomwambia Siméon, na kila neno lilikuwa kali kuliko lililotangulia. Nyanzala alitamani bajaji iharibike. Haikuharibika.

Duka lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wanatoa kopi, wengine wanapiga picha za pasipoti. Siméon alipowaona alitoka nyuma ya meza akitabasamu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba ya nini!" mama Specioza alifoka. "Tovuti yetu umemuuzia nani?"

Mashine ya kopi ikasimama. Watu wote wakageuka. Siméon alibaki na tabasamu lililopoteza kazi yake.

"Mimi, mama? Sijamuuzia mtu."

"Mwizi hakubali siku ya kwanza!"

"Mama, hata nywila sinayo tena, mlibadilisha nyie wenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. Mteja mmoja aliyeshika karatasi zake alizikunja na kutoka, kama anayeogopa kuziacha pale. Siméon alimwona akitoka. "Lakini hamkupata ujumbe? Kampuni hutuma mara nyingi kabla muda haujaisha."

"Hatukupata," Suzana alisema kwa upole. "Ujumbe wote mwanangu amenisomea."

Akamgeukia Nyanzala, bila hasira wala mashaka, kama mtu anayemgeukia shahidi wake. Na hilo ndilo lililomvunja. Kama mama yake angemkaripia, labda angedanganya tena.

"Ulikuja, mayu," Nyanzala alisema.

"Nini kilikuja?"

"Ujumbe. Ulikuja mara nyingi. Sikuuelewa, nikasema ni matangazo. Siméon hajafanya kitu." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini maneno yalikuwa yameshafunguka, na aliyaacha yatoke yote: tovuti, kamusi, mnada, ile mia tano, kitufe alichobonyeza.

Siméon aliiomba simu, akaisoma kwa muda.

"Dola mia tano? Kwa nini uliweka kubwa hivi?"

"Nilidhani tutashushana baadaye. Na mwenye mali. Kama baba anavyofanya mnadani."

Mtu mmoja karibu na mashine ya kopi alicheka puani. Mama Specioza alishika kiuno. "Jamani mtoto wa Malale! Sasa ungekaa kando na kompyuta mshushane?"

Siméon hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye simu, anasoma upesi. "Mama zangu, sikilizeni. Kampuni hii ina sharti moja. Mwenye jina wa zamani anaweza kulilipia mpaka siku ya mwisho, hata kama mnada unaendelea. Analipa ada yake na faini. Akishalipa, mnada unavunjwa na bei zote zilizowekwa zinakufa, na hiyo ya Nyanzala pia."

"Siku ya mwisho ni lini?" Suzana aliuliza.

"Leo. Kesho ningewapa pole tu."

Suzana hakupoteza muda. Aliweka namba ya siri, Siméon akabonyeza, na duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo. Likazunguka. Mtandao ulikuwa mzito. Nyanzala alilitazama mpaka macho yakamuuma, na hata yule aliyecheka alikuwa amesogea kuchungulia. Duara likasimama. Ujumbe ukaingia.

Siméon alimpa Nyanzala simu. "Soma."

Nyanzala alisoma polepole. "Malipo yamepokelewa. Jina ni... lenu. Mnada..." Akasimama. "Neno hili silijui."

"Umefutwa," Siméon alisema. "Mnada umefutwa."

Mama Specioza alishusha pumzi ndefu. Kisha, mbele ya wote, aliifungua ile kanga ya ugomvi kiunoni, akajitanda vizuri, akasimama mbele ya kijana. "Mwanangu, nimekuita mwizi mbele ya watu hawa. Nakuomba radhi mbele ya watu hawahawa. Nyie mliosikia lile, na hili mlisikie."

"Yameisha, mama," Siméon alisema, na mashine ya kopi ikaanza tena kunguruma.

Faini haikuwa ndogo. Ilimega pesa za mashine ya kukamulia, na wanawake wangelazimika kukamua kwa mikono msimu mwingine. Nyanzala alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kila Jumamosi atakuja kukamua nao. Mama Specioza alimwambia aje na nguvu za kutosha, maana masega hayajui Kiingereza.

Walipotoka dukani, Suzana hakutafuta bajaji mara moja. Alimvuta binti yake kivulini mwa ukuta, akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nyanzala, ulidhani nakupa simu kwa sababu unajua Kiingereza chote?"

"Ndiyo, mayu."

"Mwalimu wenu mwenyewe hakijui chote. Nilikupa kwa sababu nakuamini. Ukiniambia neno limekushinda, nitalibeba niende nalo kwa Siméon, au kwa mwalimu, au kwa mtu yeyote mwenye kulijua. Lakini ukinidanganya, nitalipeleka wapi? Mimi najua sina tatizo, kumbe tatizo liko ndani ya nyumba linakua. Uongo wako ulikufungia ndani peke yako, ukatufungia na sisi, nusura umfungie na mtu asiye na kosa. Kutojua si aibu, mwanangu. Anayesema hajui hupata wa kumsaidia, na wewe ulikuwa na watu wengi wa kukusaidia siku zote hizi."

Nyanzala aliitikia kwa kichwa. Kifua kilikuwa chepesi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya mvua aligundua kwamba ana njaa.

"Mayu," alisema, "sijala tangu jana."

"Najua," Suzana alisema, akimshika mkono. "Nilikuwa nasubiri uniambie."