Nyasi za Nyuma ya Madarasa

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Pilipili alizunguka nyuma ya madarasa, akavua viatu na kusimama kwenye nyasi zenye umande. Jina hilo alipewa na wenzake kwa hasira zake za karibu. Walimtania kwamba anachunga mbuzi wasioonekana. Hakujali. Nyayo zilipopoa, kichwa nacho kilipoa.

Siku hiyo alikuta vigingi vimepigwa na kamba imefungwa. Fundi mwashi alimweleza kwamba kamati ya wazazi inataka pamwagwe zege, magari yapate pa kuegeshwa. Pilipili hakungoja kuvua viatu. Aling'oa vigingi, akavitupa ng'ambo ya ukuta, na fundi wa watu akaporomoshewa maneno yasiyoandikika hapa.

Mwalimu mkuu hakumcheka. Kesho yake kamati ingekutana. Aje na mzazi, aombe radhi mbele ya wote, la sivyo asimamishwe masomo.

Shangazi yake aliyemlea, fundi cherehani, alisikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga pedali. Alisoma shule hiyo hiyo, na hakuwa amesahau kitu. Zamani uwanja ulifika barabarani. Wanakamati wakamega pembe moja kujenga stoo, wakamega nyingine kuweka duka la mwenyekiti wa kamati. Kila mara watu walipiga kelele siku moja, wakarudi zao kulala.

"Sasa kosa langu liko wapi, shangazi?"

Cherehani ikanyamaza. "Fundi katumwa tu, mwanangu. Umemtukana yeye, na walioamua wamekaa kitako. Kesho usiende kwao na moto kichwani. Anzia kwenye nyasi zako."

Asubuhi alisimama pale mpaka moyo ukaacha kwenda mbio. Fundi alipofika, alimwomba radhi, wakaokota vigingi pamoja. Ndipo akaingia mkutanoni na shangazi.

Mwenyekiti alimtaka aseme upesi. Pilipili aliomba radhi kwa vigingi na kwa matusi. Hakuketi.

"Wazee wangu, naomba tukasimame pale kidogo, bila viatu. Mkiona bado panafaa zege, mchanga nitabeba mimi."

Mwenyekiti alisema hana muda wa michezo ya watoto. Lakini shangazi alikwisha kuvua kandambili. Mwalimu mkuu akafuata, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi, na ukumbi mzima ukacheka.

Nyasini kicheko kikatulia chenyewe. Mama mmoja alisema kwamba tangu afiwe na mumewe hajapata mahali pa kuvuta pumzi namna hii. Walipopiga kura hapo hapo, mkono mmoja tu ulitaka zege, wa mwenyekiti, aliyebaki na viatu vyake.

Shangazi akamshika Pilipili bega.

"Hasira yako ilikuwa ya haki jana, na leo ni ya haki vilevile. Jana ilikutawala, ikamwangukia asiyehusika. Leo umeituliza kwanza hapa chini, ndiyo maana wamekusikia. Sasa kamwite fundi aje na vigingi na kamba yake, tupande ua wa michongoma kuzunguka hapa. Hawa ninawajua. Watarudi."