Maji Yasiyokuwepo

Ndoo ya plastiki ilikuwa tupu, lakini Bi Itto alipoinyanyua kuirudisha kabatini ilimchoma vidole.

Watoto walikuwa wametoka tu kuichezea. Shule yao ya chekechea ilikuwa ndani ya nyumba kongwe mjini Fes, yenye ua na shimo la maji machafu katikati. Mwalimu Nuzha alikuwa amerudi kutoka semina ya Rabat na jambo jipya: watoto wajifanye watu wazima, huyu muuza mkate, yule daktari. Zamani walikariri tu kama kasuku, na hakuna aliyewahi kufa kwa kukariri. Asubuhi ile walicheza hamamu, bafu la umma la maji ya moto. Ghita, binti wa Nuzha mwenyewe, wa miaka minne, alipewa kazi ya kumwaga maji ya moto shimoni.

"Mwambie aseme bismillahi kwanza," Bi Itto, mfagizi wa shule, alionya. "Huko chini kuna wenyewe, nao wana watoto."

"Maji yenyewe hayapo, bibi. Tunajifanya."

"Na wao umewaambia kwamba mnajifanya?"

Nuzha akacheka. Mtu akishasoma siku tano, masikio humziba.

Ghita akainua ndoo, akamwaga. Chini kitu kikalia mara moja, kilio kifupi cha kitoto, na ua wote ukanuka nywele zilizoungua. Nuzha akasema ni paka.

Tangu siku ile Ghita akawa mtoto mwema mno. Hakudai, hakugoma, nguo zake alizikunja mwenyewe. Supu akaitema, akisema ina chumvi, na wale wa chini hawali chumvi. Siku ya tatu, Nuzha alipomvua nguo amwogeshe, aliona kovu la moto kutoka begani hadi kiunoni, kovu kavu kana kwamba lilikuwa na umri wa miaka, na alipoligusa mtoto akageuka polepole akamtazama kwa adabu ya mgeni, na harufu ile ya nywele ikajaa bafuni mpaka Nuzha akajikuta amerudi nyuma hadi ukutani, mtu mzima na elimu yake, akimnong'oneza mtoto wa miaka minne, "Ghita yuko wapi?"

"Anacheza," mtoto akajibu.

Kesho yake adhuhuri, Bi Itto akamleta shuleni Fakihi Alal, msomaji wa dua kwa waliopagawa; Nuzha na mtoto wakasimama uani. Mzee akachuchumaa kando ya shimo, akasoma, akasikiliza.

"Mlimchoma mtoto wao, wakachukua wako," alimwambia Nuzha. "Huyu anajifanya Ghita. Mlianza kwa maneno, mtamaliza kwa maneno. Mshike mkono, mwambie mara tatu, 'Wewe si mwanangu.' Ukiishia njiani, umempokea."

Kutoka chini ikapanda sauti ndogo. "Mama, nimechoka. Mwambie sasa zamu yangu."

Nuzha akaushika mkono uliokuwa karibu naye. "Wewe si mwanangu."

Mtoto akakaza vidole vyake mkononi mwa Nuzha.

"Wewe si mwanangu."

Hapo akaanza kulia, kwa kilio kilekile cha Ghita, kamasi zikimtiririka kama za Ghita, akijifunika kwa sketi ya mama kama Ghita alivyozoea kila akiona sindano, na kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Kule kunaunguza, mama. Usinirudishe."



"Malizia, mwanangu," Bi Itto alinong'ona. "Wako anakusikia."

Nuzha akapiga magoti. Akachukua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akamfuta yule mtoto kamasi.

"Mama?" sauti ya shimoni ikaita. Ikangoja. Ikaita tena, kutoka mbali zaidi.

Fakihi akainuka, akakung'uta kanzu. "Basi ndiye wako. Mlee."

Chini kule mama mwingine akaanza kumbembeleza kwa wimbo, taratibu, bila haraka yoyote, na Ghita wa shimoni akanyamaza.