Vikombe vya Parokia

Vikombe vilikataa kupoa. Séraphine alivitoa tanurini Ijumaa. Jumamosi asubuhi vilikuwa bado na uvuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na vilinuka tope la kinamasi.

Alichukia, lakini angalau hivi havikupasuka. Mara tatu vikombe vyake vyembamba vyeupe vilikuwa vimepasuka motoni, na parokia ilivitaka arobaini Jumapili, la sivyo kazi ingepewa mwingine. Akeyo, Mjaluo waliyechangia naye karakana hapo Kawempe, alifinyanga kwa mkono vyungu vinene vyeusi, akavichoma kwa nyasi uani, na havikupasuka hata kimoja. Siri yake ilikuwa kuchanganya udongo na vigae vilivyosagwa. Séraphine, fundi wa kufinyanga kwa gurudumu kutoka Bukavu, aliicheka siri hiyo miaka yote. Lakini mwenye shida hachagui. Siku Akeyo alipokwenda kuuza sokoni Kalerwe, Séraphine aliona chini ya meza chungu kidogo kilichozibwa kwa nta, akakiponda, akakisaga, akauchanganya unga wake na udongo kimyakimya.

Sasa Akeyo aliinama chini ya meza, akainuka amebadilika uso.

"Dada, kile chungu kidogo kiko wapi? Nilikichimbua kinamasini. Hajati Kaltumi anakuja kukichukua leo."

"Nilisha kukisaga," Séraphine akanong'ona. "Iko mu vikombe."

Hajati, mganga wa mtaani, alipofika alinusa kikombe kimoja akarudisha mkono haraka. Alisema jini lililokuwa limefungwa katika kile chungu bado laweza kukusanywa, mradi vikombe vyote vizamishwe kinamasini kabla mtu hajavinywea. Séraphine aliitikia kwa kichwa huku moyo ukimchemka. Mara tatu hasara, na leo kazi imekubali ndiyo wanataka akaitupe majini! Akeyo na Hajati walipotoka kutafuta mkokoteni, alivipanga kwenye maboksi akavipeleka parokiani.

Jumapili baada ya misa wazee wa parokia walimsifu, chai ikamiminwa, wakanywa, na maongezi yakafifia meza baada ya meza, harufu ya tope ikapanda mpaka Séraphine akaziba pua, akarudi nyuma hadi ukutani, akaona vichwa arobaini vikimgeukia pamoja, polepole, bila kupepesa hata kope.

"Nilikuwa mmoja, mama," vinywa vyote vikasema kwa sauti moja, ya upole kabisa. "Tengeneza vikombe vingine."