Vitanda Ishirini vya Wodi ya Wazazi

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, Matroni wa wodi ya wazazi alifika bohari ya hospitali kuchukua vitanda ishirini vipya, akakuta kufuli limekatwa na ndani hamna kitu. Si kitanda, si godoro. Alishika kichwa. Jengo jipya la wazazi lilikuwa lifunguliwe Alhamisi, na mgeni rasmi alishaalikwa.

Kabla ya saa mbili, mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa ameshafungwa pingu. Inspekta wa polisi hakuona sababu ya kuzungusha maneno. Mlinzi ndiye aliyekuwa pale usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kufuli limekatwa.

"Kesho saa tatu unapanda mahakamani," alimwambia. "Umesikia, mzee?"

"Nimesikia, afande. Ila sijasikia niliiba nini na nikakibebea wapi."

Saa tatu kamili akaitwa Mkaguzi, mama mjane wa miaka hamsini na minane ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Vema, kwa sababu miaka yake yote kazini ameimaliza akiweka alama ya vema kwa kalamu ya kijani. Yeye ndiye aliyevihesabu vitanda hivyo Ijumaa. Alikuja na sketi yake ya kahawia iliyoshonwa upya pindoni, mshono wenyewe umekaa upande.

"Mama, ulivihesabu?" Inspekta aliuliza.

"Ijumaa saa nne asubuhi. Ishirini, vya rangi ya kijivu, namba themanini na moja hadi mia. Sketi yangu ni shahidi, maana kimoja kilinirarua."

"Ulikuwa na nani?"

"Bwana Bohari. Yeye anasoma namba, mimi natia vema."

Bwana Bohari, mtunza bohari, alikuwa amesimama mlangoni anajifuta jasho kwa leso. Alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Mkaguzi. "Shemeji, tumeibiwa mchana kweupe," alisema kwa uchungu. "Miaka yote namwambia mganga mkuu tubadilishe walinzi. Nani ananisikiliza?"

Mkaguzi alimwonea huruma. Huyu ndiye aliyemsimamia msiba, ndiye aliyemwezekea nyumba iliyoachwa kuta tupu. Lakini kuna kitu kilimkera, na Mama Vema akikerwa hatulii. Akaomba aonane na mlinzi.

Walimkuta kwenye benchi la chumba cha walinzi, pingu mkononi.

"Uliingia zamu saa ngapi Ijumaa?"

"Saa kumi na mbili jioni. Mlango umefungwa, kufuli zima. Nililivuta kwa mkono wangu."

"Ulichungulia ndani?"

"Mama, bohari haina dirisha. Ninalinda mlango, silindi kilichomo."

"Na leo asubuhi?"

"Saa kumi na mbili nililivuta tena, likiwa zima. Nikakabidhi daftari, nikaenda kunawa. Narudi, napigwa mtama."

Inspekta alicheka puani. Mkaguzi hakucheka. Aliomba daftari la geti, akapitisha kidole mstari kwa mstari tangu Ijumaa mchana. Magari ya wagonjwa matatu, gari la mkate, hakuna jingine.

"Inspekta, kitanda kimoja cha kujifungulia hubebwa na watu wanne. Vitanda ishirini vimepita geti gani?"

"Ukutani?"

"Ukuta una urefu wa watu wawili, na juu umepandwa chupa."

Inspekta alikuna kidevu. "Basi Matroni. Ana ufunguo wa pili, na wodi yake inavitaka."

Walimkuta Matroni wodini saa tano, hasira zimempanda. Alisikiliza tuhuma hadi mwisho, kisha akawageuzia mgongo ili waone sare yake. Nyuma palikuwa na mchirizi wa rangi ya krimu.

"Niibe vitanda nikaviweke wapi? Hata hivi nilivyo navyo vinanichafua. Ijumaa hiyohiyo vimerudishwa rangi haijakauka!"

"Vimerudishwa kutoka wapi?" Mkaguzi aliuliza polepole.

"Kwenye dawa. Kila mwaka Bwana Bohari anafunga wodi siku mbili, anapuliza dawa ya wadudu, vitanda vinatolewa vinapakwa rangi. Safari hii Alhamisi na Ijumaa. Vimerudi Ijumaa saa tisa. Mimi nimeshamsifu mara ngapi kwa kutunza mali ya serikali!"

"Na hizo siku mbili wazazi wanalala wapi?"

"Kwenye mikeka, kule korido." Matroni alishusha sauti. "Muulize huyo."

Mama mmoja kijana, mtoto amemlaza kifuani, alikuwa anawatazama kutoka kitanda cha tatu. "Mimi nilizalia chini," alisema. "Saruji ilikuwa ya baridi, mtoto akawa anatetemeka. Nikaambiwa nivumilie, vitanda vinatengenezwa."

Mkaguzi alimpa pole. Macho yake yalikuwa yameshuka miguuni pa kitanda, kwenye ndoano ya kutundikia kadi ya mgonjwa. Ilikuwa imepinda kushoto, ncha nje. Aliinama. Chini ya rangi mbichi ya krimu palikuwa na uzi, umenaswa na kupakwa juu yake. Akauchomoa, akauweka juu ya pindo la sketi yake. Kahawia kwa kahawia.

"Ooh, Mungu wangu," alisema.

Siyo huo tu. Miaka miwili nyuma, siku ya kuhesabu vitanda vyeupe, ndoano iliyopinda kushoto ilimchana sketi nyingine, na Bwana Bohari akamtania kwamba vitanda vipya vinampenda. Ijumaa alitoa utani uleule. Na Mkaguzi alicheka mara zote mbili!

Akatoa ufunguo mkobani, akakwangua mahali palipoandikwa sitini na tatu. Krimu ikabanduka. Chini yake kijivu, na namba themanini na tatu. Aliendelea kukwangua: krimu ya zamani, nyeupe, kijani, mwisho bluu, na chini ya bluu chuma kitupu.

"Nini hiki?" Inspekta aliuliza.

"Ni saini zangu," Mkaguzi alisema.

Saa saba na nusu waliingia ofisini kwa Bwana Bohari. Matroni alikuwa pamoja nao, akakataa kukaa. Mkaguzi aliweka uzi juu ya meza.

"Shemeji, vya bluu vilinunuliwa kweli. Vya kijani, vyeupe, vya krimu na vya kijivu havikununuliwa. Ni vilevile. Unafunga wodi, unavileta hapa, unavipaka, unaniita. Nikishatia vema, vinarudi, na serikali inalipa vitanda vipya. Vya zamani unaandika vimeharibika vimetupwa. Mwaka huu ukakwama, kwa sababu vya kijivu vinatakiwa jengo jipya na vya krimu vibaki wodini, vyote vionekane siku moja. Ikabidi vya kijivu viibwe. Ukavirudishia krimu Ijumaa mchana, na leo mlinzi alipokwenda kunawa ukakata kufuli."

"Una ushahidi gani? Uzi?"

Inspekta alivuta droo ya meza. Ndani kulikuwa na mhuri wa kampuni iliyodaiwa kuuza vitanda, umelala na wino wake kando ya kikombe cha chai. Bwana Bohari alitazama mhuri, mabega yakamshuka.

"Mnajua ilivyoanza?" alisema. "Mwisho wa mwaka pesa zisipotumika zinarudishwa, na mwaka unaofuata tunapunguziwa. Wakubwa wakasema, nunua chochote. Nikawaambia vitanda tunavyo, vizima. Wakasema nunua. Nikaona badala ya kununua vya kutupa, bora nisinunue kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza vile vya mwaka jana vina ubaya gani!"

"Na hizo pesa?"

"Nyingine zilipanda juu. Nyingine zilikuja kwangu." Alimgeukia Mkaguzi. "Na nyingine zilikuja kwako, shemeji. Yale mabati ulidhani ni mshahara wangu?"

Mkaguzi alikumbuka paa lake. Aliyajua mabati yale moja moja, na mvua ikinyesha hulala usingizi mzito chini yake.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaleta barua siku saba kabla ya kuhesabu, yenye mhuri, kama kanuni inavyotaka. Unakaa kwenye kiti mlangoni, nakuletea soda, nasoma namba. Miaka minne hujawahi kugusa kitanda hata kimoja. Kilichokugusa ni ndoano."

Kila alilosema Bwana Bohari lilikuwa kweli. Mkaguzi aliwaza korido, mikeka, siku mbili kila mwaka kwa miaka minne, na wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao popote. Alijiona mchafu.

"Inspekta, andika na jina langu," alisema. "Andika kwamba nilihesabu namba, sikuhesabu vitanda. Na yale mabati njooni myaezue."

"Mama, wewe ndiye uliyefumbua kesi."

"Nimesema andika."

Aliweka kalamu ya kijani juu ya uzi, akatoka.

Saa tisa alasiri mlinzi alifunguliwa pingu. Mkaguzi alimsubiri getini. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba radhi, ila alipomwona mzee anasugua mikono palipobana chuma, alisema machache tu.

"Nisamehe, baba. Siku tatu umelinda bohari tupu, halafu wakakufunga kwa kilichomo."

Mlinzi alimtazama, akaitazama na ile sketi, akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mimi siku tatu tu, mama," alisema. "Wewe miaka minne."