Meseji za Tiki Moja

Siku ya soko, stendi ya Ngara haina adabu. Konda anakupigia kelele sikioni, bodaboda anakugusa kisigino kwa tairi ndipo akuulize unakwenda wapi, na mama wa ndizi anakulaumu kwa kusimama alipopanga mikungu yake. Katikati ya vurugu hizo, mwezi Novemba mwaka 2015, kijana mrefu aliyevaa koti la suti lililomwishia juu ya viwiko alisimama mbele ya kibanda cha simu cha Adelfina, akatoa simu iliyofungwa ndani ya soksi ya mtoto mchanga.

"Dada, amahoro. Hii imeingia maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya mto Ruvubu. Tulivuka kwa miguu."

Adelfina alikuwa na miaka ishirini na minne, blauzi ya njano iliyopigwa pasi ikakubali, na bisibisi ndogo aliyoichomeka kwenye nywele. Aliishika soksi kwa vidole viwili.

"Na hii soksi ya nani?"

"Ya mtoto ambaye hajazaliwa."

Alicheka, akadhani anataniwa. Kijana naye akacheka kwa kuwa msichana amecheka, na hivyo ndivyo yalivyoanza. Jina lake Manirakiza, mkimbizi kutoka Burundi. Alikuwa amewekwa Lumasi, kituo cha kupokelea wakimbizi, akisubiri basi la kumpeleka kambini Kibondo. Simu ilipona siku ya pili, lakini aliendelea kuja siku nne zaidi, mara chaja inalegea, mara sauti ni ndogo.

"Simu yako haina ugonjwa," Adelfina alimwambia siku ya mwisho. "Mgonjwa ni wewe."

"Basi nitibu, fundi. Kesho tunapakiwa."

Akamtibu kwa alichokuwa nacho. Mkimbizi hakuwa na kitambulisho cha kusajilia laini, kwa hiyo alimsajilia laini kwa jina lake mwenyewe. Akamfungulia baruapepe, paswedi akaiandika kwenye daftari lake, kisha akaitegesha WhatsApp iwe inapandisha nakala ya meseji mtandaoni kila siku.

"Tutakayoandikiana yatapanda huko yenyewe. Simu ikiibwa, ikiungua, meseji zipo."

"Huko wapi?"

"Kwenye kompyuta za watu, mbali."

"Wanazisoma?"

"Wana kazi gani wazisome?"

"Ah! Basi sitaandika kwa adabu," alisema Manirakiza, na Adelfina akampiga begani kwa kitambaa cha kufutia vioo.

Miaka mitatu mapenzi yao yaliishi ndani ya simu. Hawakuwa na picha hata moja ya pamoja. Walikuwa na meseji: za asubuhi, za mchana, za kununiana, za kuombana msamaha. Humo ndimo alimochumbiwa, siku moja ya mvua, akiitwa moyo wangu kwa Kirundi, kwa maneno haya: "Mutima wanje, nikitoka humu nikiwa mzima, utanikubali?" Naye akajibu, "Hata ukitoka nusu." Humo pia mlikuwa na habari za "shemeji" aliyekuwa anapika ugali mgumu, na za mtoto Ineza aliyekuwa anajifunza kutembea.

Mama yake Adelfina, Bi Eustakia, hakufurahishwa. Yeye aliwahi kuuza maharage Lukole enzi za makambi makubwa ya wakimbizi, akaona mengi.

"Mwanangu, mkimbizi ana nyumba mbili kichwani. Moja amekuonyesha. Nyingine unaijua?"

"Mama, huyu si kama wa Lukole."

"Wa Lukole nao walikuwa si kama wale waliowatangulia."

Halafu Manirakiza akafanya kosa ambalo hulifanya mtu asiyekuwa na la kuficha. Karatasi yao ya familia, ile ya kuchukulia mgawo wa chakula, ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa. Akaipiga picha akamtumia mchumba wake fundi, amchapishie nakala safi Ngara. Adelfina akaivuta picha ikawa kubwa. Mkuu wa kaya: Manirakiza. Mke: Uwase. Mtoto: Ineza.

Hakuuliza. Hapo ndipo nitamlaumu mpaka kesho, maana swali moja lingetosha. Akaandika: "Nenda kwa mkeo. Mimi sijawahi kuwa mchumba wako. Nilikuwa nakuhurumia tu, mkimbizi wewe." Akambloki. Akafuta mazungumzo yote, miaka mitatu, kwa kidole kimoja. Na simu yake, aliyoitegesha mwenyewe, kesho yake ikapandisha nakala mpya isiyo na Manirakiza juu ya ile ya zamani. Fundi aliyewaambia wateja kwamba mtandaoni hakipotei kitu alijua vizuri kilichotokea, na wakati ule alifurahi.

Mwaka mmoja baadaye likaja agizo la kusajili laini zote upya kwa alama ya kidole. Wakala aliweka meza jirani na kibanda chake.

"Dada, kwa jina lako ziko laini mbili. Nisajili zote?"

"Moja tu."

"Hii nyingine itafungwa, na namba atauziwa mtu mwingine."

"Wamuuzie."

Hasira hasara, waliosema walikuwa wamepata hasara.

Ilipita miezi saba. Siku moja mchana, Adelfina akiwa anabandika kioo, alipigiwa na namba ngeni.

"Adelfina, usikate. Nimeazima simu, ina dakika chache."

Sauti ile aliijua hata kama ingetoka ndani ya kisima.

"Mkeo hajambo?" aliuliza kwa ukali asioutaka.

"Uwase ni mke wa kaka yangu. Kaka aliuawa Muyinga. Nilikuandikia yote hayo, mara arobaini na kitu. Hukuzisoma?"

"Nilikubloki."

Manirakiza akaongea upesi upesi. Kibanda chao kambini kiliungua, na simu ikaungulia humo. Sasa ofisi ya kuhamishia wakimbizi ng'ambo imewaita. Kwenye karatasi Uwase ni mke wake, na watu husafiri kama walivyoandikwa. Amemweleza mhojaji ukweli, mhojaji akasema ukweli huo uletwe na maandishi ya zamani, yote, toka mwanzo hadi mwisho, pasiwe na pengo.

"Wakiamini, Uwase na mtoto watasafiri kama jamaa za marehemu, na wewe nitakuandikisha mchumba, unifuate. Wasipoamini, nakwenda huko nikiwa mume wa shemeji yangu. Nina siku nane, mukunzi, mpenzi wangu. Za kwako zipo?"

"Nilizifuta."

"Na zangu? Ulisema simu ikiungua zipo."

Zilikuwepo. Paswedi ilikuwa kwenye daftari. Lakini nakala ile haifunguki mpaka utaje tarakimu sita zinazotumwa kwenye namba ileile, na namba ile Adelfina aliinyima kidole. Aliipiga hapohapo. Ikaita. Akapokea bibi mmoja.

"Haloo! Kama unamtaka Manirakiza, hayupo! Hapa ni Deodata, Biharamulo, nauza karanga!"

Alfajiri ya kesho yake Adelfina alipanda gari la Biharamulo, blauzi ileile ya njano, akabeba simu moja tupu. Alimkuta Bibi Deodata amekaa sokoni nyuma ya beseni la karanga, kitochi, ile simu ndogo ya batani, kimening'inia shingoni kwa kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karanga?"

"Nimekuja kwa ajili ya namba yako. Itaingia meseji yenye tarakimu sita. Naomba unisomee."

Bibi alikifunika kitochi kwa kiganja. "Wametukataza. Jirani yangu alitaja namba za namna hiyo, wakamkomba hadi senti ya mwisho. Wewe ni nani hata nikuamini?"

Adelfina alikuwa amejiandalia uongo mzuri njiani, lakini ulimkauka mdomoni. Akachuchumaa kando ya beseni.

"Bibi, namba hii ilikuwa ya mchumba wangu. Waliniomba kidole ili isifungwe. Kidole nilikuwa nacho, nikakataa. Nilikuwa na hasira."

"Alikufanyia nini?"

"Hakunifanyia kitu."

Bibi Deodata akaivua kamba shingoni. "Tangu ninunue laini hii Warundi wananipigia wanalia, nami sijui niwaambie nini. Shika, soma mwenyewe. Miwani yangu imevunjika."

Adelfina akaingiza namba na paswedi kwenye ile simu tupu, tarakimu zikaingia kwenye kitochi. Simu ikauliza kama arudishe nakala, akabonyeza ndiyo. Bando likaanza kuliwa, meseji zikashuka elfu kwa elfu, na Adelfina akajikuta yuko ndani ya simu ya Manirakiza. Jina lake humo halikuwa Adelfina, lilikuwa Mutima Wanje. Maneno yake mwenyewe yalikuwa upande wa kushoto, upande wa mtu mwingine. Alisoma uchumba wake kwa macho ya mwanaume aliyekuwa akiungoja.

Akafika kwenye sentensi yake. Nenda kwa mkeo. Chini yake zilipangana meseji za Manirakiza, kila moja na tiki moja, dalili kwamba hazikumfikia.

"Si mke wangu. Karani aliniuliza, huyu mkeo? Wanaume wasio na wake walikuwa wanarundikwa hema moja, na shemeji alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikasema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu."

"Leo Ineza amehesabu hadi kumi. Nne anairuka."

"Nimesikia Ngara kuna baridi. Vaa sweta."

"Hili ni bando la mwisho. Ukiisoma hii usijibu, isome tu."

Adelfina alilia pale sokoni waziwazi, na mteja mmoja wa karanga akaona bora arudi baadaye. Alipojifuta, ufundi ukamrudia, na ndio ulioanza kumtesa. Ushahidi alikuwa nao mkononi, lakini kila atakayeusoma hadi mwisho atamkuta mchumba mwenyewe akisema mwanaume huyu ana mke na kwamba yeye si mchumba; majibu ya chini yake ni ya Manirakiza peke yake, na nani angeyaamini? Akampigia Manirakiza kwa ile namba ya kuazima.

"Umezipata?"

"Zote."

"Na ile?"

"Na ile ipo. Naweza kuifuta. Nabonyeza, inatoka."

"Na zangu za chini yake?"

"Itabidi nazo zitoke. Zote zinaijibu ile."

"Basi patabaki pengo la karibu miaka miwili. Mhojaji alituambia, wakigundua kilichokatwa, faili la sisi watatu linafungwa kwa udanganyifu. Ineza ana miaka minne, Adelfina. Amezaliwa kwenye hema. Lakini nakusikiliza wewe. Ukisema futa, tutafuta na tutajaribu bahati."

Bibi Deodata alikuwa anapepeta karanga akijifanya hasikii. Adelfina alitamani kusema futa. Neno lilimfika kwenye meno. Aliwaza mtoto asiyemjua akirudishwa kwenye foleni ya mgawo kwa ajili ya sentensi aliyoiandika yeye, akashindwa.

"Safiri," alisema. "Safirini kama mlivyoandikwa."

"Unajua unachosema?"

"Safari hii najua."

Manirakiza alilia bila kuficha, hata mwenye simu akasikika akimpa pole kwa Kirundi. "Nipe basi ile paswedi," alisema mwishoni. "Nikifika huko nitanunua simu. Nikikukumbuka nitazifungua nisome toka siku ya soksi. Zitafunguka?"

Hazingefunguka. Zingetaka tarakimu sita, na tarakimu zingekuja kuingia kwenye kitochi cha muuza karanga Biharamulo. Adelfina angeweza kuzitoa zote kwenye faili moja na kumtumia kwa baruapepe, kazi ya dakika tano, kwa fundi kama yeye. Hakutaka. Aliona haya sentensi ile ivuke bahari ikakae naye. Na alikuwa na wivu pia, tusimsingizie utakatifu: nyumba ambamo maneno yale yangesomwa, Uwase ndiye angekuwa anapika.

"Zitafunguka," alisema. "Utaweka namba yako mpya, zitashuka zenyewe."

Akamtajia paswedi herufi moja moja, naye akaziandika, akamrudishia kwa sauti ili ahakikishe.

"Ni sawa," alisema Adelfina.

"Na wewe, mukunzi, unabaki na nini?"

"Mimi nimeshazisoma."

Dakika za simu ya kuazima zikaisha. Adelfina akafuta akaunti kwenye simu aliyokuja nayo ikabaki tupu tena, akamrudishia bibi kitochi chake kwa mikono miwili, akauliza gari la Ngara linaondoka saa ngapi.